Siku Tatu kwa Tanga Ndani ya Ghuba ya Mwanza: Mwongozo Kamili kwa Kundi la Marafiki

Wengi wetu Mwanza tunaliona ziwa kila siku na hatuliingii. Tunavuka kwa feri kwenda Kamanga, tunakula sato ufukweni, tunampiga mgeni picha na Jiwe la Bismarck, basi. Ukiwaambia wenzako mwende mkalale majini siku mbili tatu kwa chombo cha tanga, wa kwanza atauliza habari za mamba, wa pili atakukumbusha MV Bukoba, wa tatu atataka kujua bei. Yote ni maswali halali na nitayafikia. Ila la kuanza nalo ni upepo, kwa sababu safari ya namna hii ratiba yake haipangwi kwenye kundi la WhatsApp.

Upepo una saa zake

Mwanza iko kusini mwa ziwa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa yake ya baridi huteremka kuelekea ziwani. Ndiyo maana kuanzia usiku wa manane hadi saa tatu au nne asubuhi upepo wetu hutoka kusini na kusini-mashariki. Jua likishapanda mambo hugeuka: nchi kavu inapata moto, hewa yake inapaa, na hewa ya ziwani inaingia kuchukua nafasi. Kuanzia saa tano au sita mchana upepo unatoka kaskazini na kaskazini-magharibi, unaongezeka hadi saa tisa au kumi, kisha unalegea jua linapozama, ambako huku kwetu ni karibu saa moja jioni. Kati ya upepo mmoja na mwingine kuna shwari. Hapo tanga linaning'inia tu, na watu wanaanza kutazama injini kwa tamaa. Waambie wanywe chai.

Sasa itazame ghuba yenyewe. Inaingia kutoka ziwa kuu na kushuka kusini kwa karibu kilomita 60, nyembamba, huku ukingo wa mashariki ukiwa na vihori na rasi za mawe. Maana yake ni kwamba mchana upepo unakusukuma kusini ndani ya ghuba, na asubuhi unakurudisha kaskazini mjini. Huhitaji ubingwa wa kubisha dhidi ya upepo. Unahitaji kuondoka saa inayofaa. Nimeona watu wakitoka mjini saa moja asubuhi kwenda Luchelele, wakahangaika na upepo wa mbele hadi saa nne, wakafika wamechoka na wamenuniana. Wangelala hadi saa tano, upepo ungewapeleka bure.

Kuhusu msimu: Juni hadi Septemba ndiyo kiangazi chetu na ndiyo wakati mzuri kuliko yote, ingawa Julai na Agosti upepo wa kusini-mashariki wa asubuhi unaweza kuwa na nguvu. Januari na Februari nako mara nyingi kunafaa. Machi hadi Mei, na tena Novemba na Desemba, mimi simshauri mtu kulala majini. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati yake, hewa yenye unyevu inapaa, na mawingu ya radi yanajengeka kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambayo nyinyi mmelala. Kabla ya kwenda soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao una sehemu ya Ziwa Victoria, na uusome tena kila asubuhi mkiwa safarini. Mtandao wa simu ndani ya ghuba si tatizo kubwa.

Chombo na nahodha wake

Mwanza si Zanzibar. Huwezi kushuka kwenye basi ukakuta vyombo vya tanga vimepangwa vikingoja watalii. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitia watu wenye mashua zao, ambao wengi utawapata upande wa Capri Point kwenye klabu ya mashua. Hizi ni vyombo vya kisasa, vina mkuku (uti wa chini ya chombo) mzito na tanga mbili, na mwenye nacho mara nyingi atataka kuja nawe. Mkaribishe. Ya pili ni mtumbwi mkubwa wa mbao wa kienyeji, wenye mlingoti, tanga moja na injini ya kupachika nyuma, pamoja na nahodha wake. Kwa kundi la marafiki wanaotaka kupumzika, mimi naipendelea ya pili. Ni pana na inaingia kwenye maji ya kina kifupi, na nahodha wake anajua kila jiwe.

Hilo la mawe si la mapambo. Mawe yale yale mnayoyaona yamebebana juu ya vilima vya mji yanaendelea chini ya maji. Mengine yanachomoza na yamepakwa weupe na kinyesi cha mnandi. Hayo hayana shida, yanajitangaza. Mabaya ni yaliyo nusu mita chini. Tena ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na likapanda tena 2024, kwa hiyo mawe ambayo mzee fulani aliyazoea yakiwa juu huenda aliyakuta yamefunikwa. Ziwa letu halina maji kupwa wala kujaa ya kuhesabika, kwa hiyo usitegemee kwamba jiwe litajionyesha jioni kama lilivyo pwani. Muulize nahodha swali moja tu: "Kati ya Butimba na Luchelele, mawe yako wapi?" Anayejua atakuchorea kwa kidole hapo hapo mchangani. Anayesema "hamna shida, twende tu" mshukuru, endelea kutafuta.

Chombo kikague kikiwa majini, si kikiwa nchi kavu. Inua mbao za sakafu utazame maji yaliyo chini. Mtumbwi wa mbao huvuja kidogo, hilo la kawaida. Lakini maji yakiwa yamepanda tena nusu saa baada ya kuchotwa, mianya inahitaji kukalafatiwa upya kwa pamba na safari isubiri. Shika mlingoti kwa mikono miwili uutikise: usicheze kwenye tundu lake. Tazama kamba ya kutwekea tanga pale inapopita juu, ndipo inapolika. Washa injini, izime, iwashe tena. Uliza kama kuna nanga mbili. Omba kuona karatasi za TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo ndilo linalokagua usalama wa vyombo hata vidogo. Mwenye chombo akikasirika kwa kuulizwa karatasi, umeshapata jibu.

Kisha idadi ya watu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya ndugu zetu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati ya Ukara, na watu 228 walipoteza maisha. Zote mbili zilikuwa zimezidisha. Kwa mtumbwi wa mita nane hadi tisa wa kulala ndani, watu sita, nahodha na msaidizi wake wakiwemo, wanatosha. Binamu wa mtu akijitokeza asubuhi ya safari na begi lake, mwambie safari ijayo. Jaketi okozi ziwe idadi ya watu na moja ya ziada, na kila mmoja aivae na kufunga mikanda yake nchi kavu kabla ya kuondoka, maana zile kubwa humponyoka mtu mwembamba zikabaki zinaelea peke yake. Anayejua kuogelea naye avae. Hata waogeleaji huzama.

Bei mnapatana, lakini patana kwa vipande: chombo kwa siku, mafuta kando, posho ya nahodha na msaidizi kando, na chakula chao mle pamoja. Ukisema "yote jumla kiasi gani?" utapewa tarakimu ya hofu. Mafuta nunueni wenyewe, mtajua yaliyobaki.

Vya kupakia

Kila kitu kiingie ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, zile zilizokuwa na rangi au mafuta ya kula, zinafanya kazi hiyo vizuri na kwa bei ndogo. Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, zikiwemo za kupikia. Ya ziwa yachemsheni au msiyanywe. Kofia yenye kamba ya kidevuni, nguo nyepesi ya mikono mirefu na mafuta ya jua kwa wanaoungua: tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu na mstari wa ikweta, na upepo wa mchana unakudanganya kwamba jua si kali. Sweta kwa alfajiri. Chandarua kwa kila wawili. Tochi za kichwani, filimbi moja moja shingoni, pawabenki mbili, dawa ya kichefuchefu, kisu kikali kilichofungwa kamba mahali ambapo kila mtu anakijua.

Chakula ndipo penye raha. Jiko la mkaa liwekwe ndani ya karai lenye mchanga, katikati ya chombo, mbali na mafuta, na lipikiwe mkiwa mmetia nanga tu. Chukueni unga, mchele, vitunguu, nyanya, ndimu, pilipili na chumvi. Kitoweo mtakipata njiani. Asubuhi ni chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Kama kuna mtu kundini hajawahi kula matobolwa na karanga akiwa amekaa omo, kule mbele ya chombo, huku miguu inaning'inia, hiyo peke yake inatosha kumtoa Dar es Salaam. Michembe nayo, viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, haiharibiki, na uji wake unashibisha. Kwenye mwalo, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nunueni sato asubuhi mapema nyavu zinapotoka. Tazama mashavu yake, yawe mekundu, na macho yawe yamejaa. Aliye chini ya sentimita 25 mwacheni, sheria inamkataza mvuvi kumvua na nyinyi mnapomnunua mnamfundisha aendelee. Jinsi ya kumla: mpasue mgongoni, chumvi na ndimu, juu ya makaa bila haraka, ugali pembeni, kachumbari ya pilipili. Samaki wa majokofu mtamsahau.

Kabla hamjaondoka, mpe mtu mmoja wa nchi kavu majina, rangi ya chombo, namba ya nahodha na mahali mtakapolala kila usiku. Mpangiane saa ya kupigiana simu kila jioni. Isipopigwa ndani ya saa mbili, yeye apige 112, au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Siku ya kwanza: Saanane, kisha Nyegezi

Asubuhi msiende popote kwa tanga. Nendeni Saanane. Kisiwa kiko dakika chache tu kutoka mjini, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na kwa ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 mnakizunguka kwa miguu kabla ya jua kuwa kali. Jina linatokana na mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale kabla ya serikali kukigeuza bustani ya wanyama mwaka 1964. Mtaona swala, pimbi wamejianika juu ya mawe, tumbili, na kenge wakubwa wanaowapisha njia pale wanapojisikia. Malipo ya hifadhi fanyeni mapema kwa control namba au kadi, na msipange kulala kando ya kisiwa bila kibali cha TANAPA.

Saa tano na nusu rudini chomboni. Mpisheni kila kitu chenye chuma: feri za Kamanga na meli za bandarini haziwezi kukwepa mtumbwi, na nahodha wa feri huenda hata hawaoni. Vukeni njia yao kwa injini, kwa pembe iliyonyooka, haraka. Mkishaizunguka rasi ya Capri Point, upepo wa kaskazini utakuwa umeanza kugusa maji. Utauona kabla hujausikia, uso wa maji unaweka mikunjo midogo myeusi inayokuja kwenu. Hapo ndipo tanga linatwekwa.

Namna ya kutweka, kwa wale ambao hawajawahi: omo ielekezwe kwanza kule upepo unakotoka ili tanga lipepee bila kujaa. Wawili wavute kamba, mmoja aikusanye nyuma yao isije ikawafunga miguu, wengine wakae chini. Tanga likishafika juu, nahodha anageuza chombo taratibu hadi kitambaa kinajaa. Zima injini. Ule ukimya wa ghafla, na maji yanayoanza kuzungumza ubavuni, ndivyo vilivyowatoa nyumbani.

Mkienda na upepo wa nyuma kuna hatari moja ambayo wageni hawaitarajii. Upepo ukilishika tanga kwa upande wake wa pili, tanga na mti wake huruka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Kwa hiyo msiende na upepo wa mgongoni kabisa, uwe wa kushotoni au kuliani kidogo, na mtu yeyote asisimame bila kumwambia nahodha. Ukiona mawimbi yanaanza kuvunjika vilele vyeupe kila mahali, punguzeni tanga wakati huo huo. Nahodha mzuri hupunguza tanga abiria wakiwa bado wanashangilia mwendo.

Hori la Nyegezi liko kusini ya Butimba. Kwa upepo wa kawaida mtafika kati ya saa nane na saa tisa. Ni mapema? Ndiyo, na iwe hivyo. Chombo cha starehe kiwe kimetia nanga saa kumi jioni.

Kutia nanga ulale usingizi

Hapa ndipo pa kutumia muda, maana usiku wenu mzima unategemea kamba moja. Usichague mahali kwa uzuri wa mchana. Mchana upepo unatoka kaskazini, usiku utatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo unatafuta mahali ambapo kuna kilima au rasi kati yako na upepo wa usiku, na bado upepo ukigeuka una nafasi ya kuzunguka bila kugusa jiwe. Jiulize: nanga ikiburuta usiku, tutagonga nini? Jibu likiwa "tope na matete," sawa. Likiwa "mawe yale," sogea.

Pima kina kwa kamba yenye jiwe. Tuseme ni mita 4, na omo iko mita 1 juu ya maji; jumla 5. Mchana achia kamba mara tano ya hapo, mita 25. Usiku mara saba, mita 35. Watu wanaona kamba ndefu ni uzembe, kumbe kamba fupi inaivuta nanga kuelekea juu na kuing'oa, wakati ndefu inaivuta kwa ubavu ikazama zaidi kwenye tope. Funga kamba nyembamba na dumu tupu la lita moja kwenye kichwa cha nanga kabla ya kuitupa: ikinasa chini ya jiwe, asubuhi mtaivuta kwa kinyumenyume kupitia dumu hilo badala ya kuikata.

Nanga ikishashuka, chombo kirudi nyuma taratibu hadi kamba inyooke. Sasa weka kiganja juu ya kamba pale omo. Kamba iliyoshika inakaa kimya au inavutwa na kulegea polepole. Nanga inayoburuta huipitisha mtetemo, tuk-tuk-tuk, inaporuka juu ya kokoto za chini. Ukiusikia, vueni nanga mrudie. Kisha chagua alama mbili za nchi kavu zinazofuatana, kwa mfano kona ya jiwe kubwa na mti ulio nyuma yake. Kila anayeamka usiku kukojoa azitazame kabla hajarudi kulala.

Mkiona magugu maji yamejikusanya upande mmoja wa hori, msitie nanga katikati yake na upepo. Yanasafiri usiku kama kisiwa, na asubuhi mtaamka mmezungukwa kijani kitupu, injini ikikataa kwa sababu matundu ya maji ya kupoozea yameziba.

Siku ya pili: Luchelele, na daraja kwa wenye hamu

Asubuhi ni ya kutofanya kitu. Wengine walale, wengine wavue kwa ndoano, furukombe atawaimbia bila kuombwa. Mkishuka kwenye mwalo, msianze na kamera. Anzeni na salamu: "Mwangaluka" kwa asubuhi, "Mwadila" mchana na jioni, na kwa wazee ongezeni shikamoo na mikono miwili. Mtafuteni kiongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo, au mwenyekiti wa mtaa mseme nyinyi ni akina nani na mnalala wapi. Huo si urasimu. Wezi wa injini na nyavu wapo ziwani, na chombo kigeni kinachoelea usiku bila kujulikana huwatia watu wasiwasi.

Saa sita mchana tweka tena, mteremke hadi Luchelele. Mwendo ni mfupi. Hata mkienda kwa nusu tanga mtafika mapema. Ufukwe wake una nafasi na mawe ya kukaa, na wanachuo wa Malimbe hupenda kushuka huko, kwa hiyo mwisho wa juma kunakuwa na kelele za muziki. Mkitaka utulivu nendeni siku za kazi.

Anayetaka kuliona daraja la Kigongo–Busisi kutoka majini aendelee kusini. Lina urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na kwa aliyewahi kupanga foleni ya feri pale na mgonjwa ndani ya gari, kuliona limenyooka juu ya maji ni jambo. Ila piga hesabu ya kurudi: kila kilomita unayoshuka mchana lazima uipande kesho asubuhi kabla ya saa nne. Mimi huishia Luchelele.

Usiku huu mkiwa kwenye giza la mwezi mtaona taa za dagaa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola, zimepangwa juu ya maelea, na kwa mbali unaweza kuapa kuna mji katikati ya maji. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, na nyinyi mnapata mwanga wa bure. Chagueni mnachotaka kuona, lakini msitembee usiku kwa sababu yoyote ya starehe. Nyavu za sangara zimetandazwa, na maelea yake ni madumu na vipande vya kandambili usivyoviona gizani. Mkinasa wavu mchana kwenye panga la injini, zima kwanza, inua injini, uzungusheni kwa mkono hadi utoke. Kisu kiwe cha mwisho kabisa, na mkikata, mtafuteni mwenyewe mmlipe. Wavu mmoja ni mtaji wa familia.

Kuoga, mamba na kichocho

Mamba wapo na viboko wapo, si kila mahali. Wenyeji wa kila mwalo wanajua lini alionekana mara ya mwisho. Waulize, na wakisema msioge hapa, msioge. Kaeni mbali na matete na mafunjo, hasa jioni. Mkipiga hema nchi kavu, tazameni kama kuna njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda kwenye majani: ni ya kiboko, hupita usiku kwenda kula, na hana desturi ya kuzunguka hema.

Lakini kitakachowapata wengi zaidi ni kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, karibu na watu, na vijidudu hutoka kwao kwa wingi jua likiwa kali. Hori zuri lililotulia ndilo hilo. Kwa hiyo anayetaka kuogelea arukie kutoka chomboni kwenye maji ya kina, mbali na ufukwe, aliyevaa jaketi okozi, na mmoja abaki juu akimtazama. Akipanda ajifute kwa nguvu mara moja. Hiyo inapunguza hatari, haiiondoi.

Wingu likija

Dalili ni hizi: wingu jeusi lenye ukingo ulionyooka chini, upepo unaokatika ghafla wakati haukupaswa, kisha pumzi ya baridi usoni. Una dakika chache. Tanga lote chini na lifungwe, jaketi kwa kila mtu, watu wakae sakafuni, injini iwashwe, na elekeeni hori lililo karibu lenye kilima upande wa upepo. Msikimbilie ufukwe wa mawe eti kwa sababu ni karibu. Mkiwa tayari mmetia nanga, ongezeni kamba na mtupe nanga ya pili. Chombo kikipinduka, hakuna anayeondoka kuogelea kwenda nchi kavu. Wote washike chombo. Mbao huelea, na chombo kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Siku ya tatu na kurudi

Ng'oeni nanga saa kumi na mbili na nusu, kukianza kupambazuka. Upepo wa kusini unakuwa safi, maji yametulia kwa sababu nchi kavu iko karibu, na mtakuwa Capri Point kabla haujafa. Chai inywewe njiani kutoka kwenye chupa. Hii ndiyo saa nzuri kuliko zote za safari, kwa hiyo asiachwe mtu amelala.

Wenye wiki nzima wataniuliza habari za kutoka nje ya ghuba: Igombe, Kayenze, kisiwa cha Bezi. Inawezekana, kwa mpangilio uliogeuzwa, kwenda asubuhi na kurudi mchana, na kwa nahodha wa upande huo. Ukerewe je? Pandeni meli hadi Nansio mkodi baiskeli huko. Kuvuka Ghuba ya Speke kwa mtumbwi wa tanga kunatawaliwa na ziwa kuu, na mawimbi yake hayana habari kwamba mko likizo.

Mkifika, takataka zote zishuke nanyi, pamoja na ile ndoo yenye kifuniko iliyokuwa choo. Osheni chombo kabla ya kumlipa nahodha, mlipeni mbele ya wote, mafuta yaliyobaki mwachieni. Kisha kila aliyegusa maji aandike kwenye simu yake tarehe ya wiki nane mbele, aende zahanati akapimwe kichocho. Mkienda kesho yake haisaidii: dawa ya prazikwanteli haiui minyoo ambayo bado michanga, na kipimo nacho kinaweza kuonyesha uko salama wakati hauko. Mmoja wenu, yule yule aliyekuwa anasimamia mkaa, apewe kazi ya kuwakumbusha wengine.